Relei ya Kinga ya Spika Ikikataa Kushika, Anza kwa Kuiamini

Amplifaya yangu ya kwanza ya kuunda mwenyewe ilitumia umeme wa volti 35 chanya na volti 35 hasi, nami niliiwekea bodi ya kinga ya spika, inayotenga spika amplifaya ikiharibika, niliyoinunua Kariakoo, ile yenye aisi (IC) ya uPC1237 na relei moja ya pointi pande mbili, yaani swichi ambayo koili yake ikipata umeme huunganisha pointi na kupitisha sauti kwenda spika. Kwa miezi kadhaa ilifanya kazi vizuri: unawasha, unasubiri sekunde tatu au nne, relei inalia "tak", muziki unaanza. Jioni moja haikulia. Wageni walikwisha kufika, nikaunga kipande cha waya kwenye pointi za relei ili sauti ipite. Spika ya inchi 12 ilitoa mvumo mmoja mzito, koni yake ikasukumwa mbele na kubaki hapohapo, na kabla mkono wangu haujafika kwenye swichi nilisikia harufu ya vanishi inayoungua.

Transista ya mwisho ya chaneli ya kushoto ilikuwa imepiga shoti na kupeleka volti 35 za DC (umeme wa mwelekeo mmoja) moja kwa moja kwenye spika. Koili ya spika ya ohmu 8 ukiipima kwa mita hukupa takriban ohmu 6, na volti 35 juu ya ohmu 6 ni zaidi ya wati 200 za joto tupu, ndani ya waya mwembamba ambao hauchezi hata ujipoze kwa hewa. Relei ilikuwa imeliona jambo hilo kabla yangu na ilikuwa inakataa kwa haki.

Kwa hiyo, fundi mwenzangu, relei isiposhika, chomoa spika kwanza, kisha weka mita kwenye DC na upime kati ya toleo la amplifaya (pale sauti inapotokea kwenda spika), kabla ya relei, na grandi (waya wa volti sifuri). Amplifaya nzima kwa kawaida hukaa chini ya milivolti 50. Ukikuta volti moja au zaidi, iache bodi ya kinga na urudi kwenye amplifaya yenyewe: transista za mwisho, rezista zake ndogo za emita, au fyuzi ya upande mmoja wa umeme, chanya au hasi, iliyokatika na kuacha upande wa pili ukivuta peke yake. Pima chaneli zote mbili, kwa sababu bodi nyingi hukata spika zote hata kama kosa liko upande mmoja tu. Wakati wa kazi hii mimi huunga balbu ya wati 100 ya zamani, yenye waya ndani, kwa mfululizo na umeme wa ukutani, ili kosa likiwapo iwake balbu badala ya kuungua transfoma. Ila kumbuka kwamba balbu hiyo nayo hupunguza volti, na relei inaweza kukataa kwa sababu hiyo tu.

Toleo likiwa safi na relei bado haishiki, hapo ndipo pa kuitilia shaka bodi. Pima volti kwenye koili ya relei. Kama hakuna kitu, fuata umeme kutoka mwanzo: je, aisi inapata umeme wake kwenye pini ya 8? Je, pini ya 4 inapata umeme wa AC (unaogeuka mwelekeo) kutoka kwenye transfoma? Pini hiyo ndiyo inayoifanya relei iachie mara unapozima, kabla kapasita kubwa hazijaisha na kupiga kishindo kwenye spika. Nimekutana na mafundi waliolisha bodi ya namna hii kwa adapta ya DC, kisha wakabadilisha aisi mbili au tatu bila mafanikio, kumbe kilichokosekana ni waya mmoja wa AC. Relei ikichelewa mno, au ikishika mara moja bila kusubiri, angalia kapasita ya kuchelewesha kwenye pini ya 7, hasa kama imekaa karibu na hitsinki (bati la kupoza transista), kwa maana joto huikausha.

Kosa lililonichukua muda mrefu kuliko yote lilikuwa la relei iliyofanya kazi asubuhi na kukataa jioni. Bodi ilikuwa imepangwa kwa relei ya volti 12 yenye koili ya ohmu 400, pamoja na rezista ya ohmu 750 ya kupunguza zile volti 35. Aliyeitengeneza kabla yangu aliikosa, akaweka ya volti 24 yenye koili ya ohmu 1,100, na rezista akaiacha ileile. Umeme wa ukutani ukiwa volti 230, koili ilipata karibu volti 20.8, nayo relei ya volti 24 kwa kawaida huhakikishiwa kushika kuanzia volti 18, basi ikashika. Jioni umeme uliposhuka hadi volti 184, zile volti 35 zikawa 28, koili ikabaki na takriban 16.6, na relei ikanyamaza. Niliweka rezista ya ohmu 470 ya wati 1 na tatizo likaisha. Ukibadilisha relei, fanya hesabu hii upya, na uhakikishe dayodi iliyo sambamba na koili ipo na imetazama upande sahihi, la sivyo transista inayoiendesha itakufa kwa volti zinazoruka koili inapoachia.

Kuna pia relei inayolia vizuri lakini spika moja inakoroma sauti ikiwa ndogo, kisha inasafika ukiongeza. Hizo ni pointi zilizochakaa. Usizikwangue kwa msasa, kwani unaondoa ile tabaka nyembamba inayozilinda. Badilisha relei nzima.

Mwisho, ijaribu kinga kabla ya kuiamini na spika nzuri. Tenganisha waya wa kuhisi, ule ambao bodi hupimia DC, kutoka kwenye toleo la amplifaya, washa, subiri relei ishike, kisha gusa waya huo kwa betri ya volti 9, hasi ikiwa kwenye grandi. Relei iachie ndani ya sekunde moja hivi. Geuza betri, chanya kwenye grandi, na urudie, kwa kila chaneli. Nimeona bodi zilizoachia kwa chanya na kubaki zimeshika kwa hasi, kwa sababu ya transista moja ndogo ya shilingi chache iliyokufa kimya, na mwenye redio hakujua kwamba nusu ya kinga yake haikuwapo.