Mfuko wako wa sokoni una deni gani?

Wiki hii maswali mengi yamehusu mfuko wa kubebea bidhaa na gesijoto (gesi zinazoongeza joto la dunia) zinazotoka wakati wa kuutengeneza, yaani nyayo zake za kaboni. Nimechukua matano.

Nimesikia mfuko wa pamba unachafua hewa kuliko rambo zilizopigwa marufuku. Ni kweli? Kama ni kweli, kwa nini tulizikataza? (Dada wa Tandika, Dar es Salaam)

Dada, ukipima kutengeneza mfuko mmoja kwa mmoja, ni kweli. Wakala wa Mazingira wa Uingereza ilichapisha utafiti wa jambo hili mwaka 2011. Mfuko mwepesi wa nailoni waliopima ulikuwa na gramu 8 hivi. Wa pamba ulifika gramu 183. Walipojumlisha gesijoto zote, waliona mfuko wa pamba lazima utumike mara 131 ndipo ulingane na nailoni inayobebewa mara moja na kutupwa.

Gesi hizo zinaanzia shambani. Mbolea ya chumvichumvi huacha udongoni naitrojeni ambayo sehemu yake hugeuka kuwa gesi yenye nguvu ya kupasha joto zaidi ya mara 250 ya hewa ukaa kwa uzito uleule. Kisha pamba inachambuliwa, inasokotwa nyuzi, inafumwa, inapakwa rangi, na kila hatua inakula umeme. Umeme huo ukitoka kwenye makaa ya mawe, deni linakuwa kubwa zaidi. Wengi huilaumu meli iliyoleta mzigo, lakini utafiti ule uliona safari inachangia kidogo tu. Uzito wa jambo uko kwenye malighafi na kiwanda.

Sasa itazame hiyo 131 kwa macho ya Tandika. Kwa anayekwenda supamaketi mara moja kwa wiki, ni miaka miwili na nusu. Wewe unayepita gengeni kila jioni kuchukua nyanya na mchicha, ni miezi minne na ushee. Mfuko mzuri wa pamba unadumu zaidi ya hapo.

Kuhusu marufuku: Zanzibar ilianza 2006, Bara ikafuata tarehe 1 Juni 2019, na sababu haikuwa kaboni. Ilikuwa mitaro iliyoziba, mbuzi na ng'ombe waliokufa na nailoni tumboni, na fukwe zilizojaa uchafu. Utafiti wa Uingereza haukupima takataka zinazozagaa. Mimi naiunga mkono marufuku hiyo kwa moyo wote, na hesabu ya kaboni hainibadilishi.

Nauza duka. Wateja wanaipenda mifuko ya kitambaa ya rangirangi kwa sababu ni bei nafuu. Je, ni salama kwa mazingira? (Kaka wa Mwanza)

Kaka, tuanze na jina. Kile si kitambaa. Ni polipropilini, plastiki inayotokana na mafuta na gesi ya ardhini. Punje zake huyeyushwa, zikavutwa kuwa nyuzi nyembamba, nyuzi zikatandazwa na kugandishwa kwa joto. Hakuna kufuma. Uushike karibu na moto, utaona unanywea na kuyeyuka.

Hata hivyo, kwa upande wa kaboni hauko vibaya: mara 11 tu zinatosha kuulinganisha na nailoni nyepesi. Taabu ni kuzifikia hizo 11. Tanzania inataka mifuko hii isipungue gramu 70 kwa mita ya mraba, lakini sokoni bado unakuta mepesi inayoachia mpini mara ya pili ukiweka kilo mbili za unga. Mfuko wa namna hiyo umetumia plastiki nyingi kuliko rambo na umekwenda jalalani kama rambo. Kenya nako NEMA, mamlaka ya mazingira ya nchi hiyo, iliwahi kutangaza kuizuia, kwa sababu mingi ilikuwa chini ya kiwango. Nakuomba, kabla hujanunua robota jingine, vuta mshono kwa mikono miwili. Ukiachia, mrudishie muuzaji wa jumla.

Karatasi je? (Mwanafunzi, Dodoma)

Mara 3 kwa hesabu ya Uingereza. Kwa mkate inafaa. Kwa samaki mbichi hata safari moja haimalizi.

Kamati ya harusi inataka mifuko 300 ya pamba yenye majina ya maharusi na tarehe, iwe zawadi ya kijani kwa wageni. Unashauri nini? (Mama wa Morogoro)

Mama, hongereni kwa harusi, ila hapo nasema hapana. Mifuko 300 kwa mara 131 ni safari 39,300 za sokoni. Wageni wenu wengi tayari wana mifuko nyumbani, na wenye majina ya watu wengine utaishia kabatini. Mfuko usiotumika umeshatoa gesi zake zote kiwandani, na hauzirudishi. Wapeni miche ya miembe, au hizo fedha ziongezwe kwenye pilau.

Bibi yangu Pemba anasuka vikapu vya ukili. Vina kaboni kiasi gani? (Binti aliyeko Tanga)

Tufuate kazi ya bibi mwenyewe. Majani ya mkindu yanakatwa na mti unabaki ukichipua. Hauhitaji mbolea wala mashine ya kumwagilia. Yanaanikwa juani. Yanachanwa, yanasukwa ukili, ukili unashonwa kuwa kikapu, vyote kwa mkono. Moto unawashwa wakati wa kuchemsha rangi tu, na kikapu kikichakaa kinaoza shambani.

Kwangu hakuna mfuko wa kiwandani unaokifikia, kikitumika karibu na kilikosukwa. Mwambie bibi nakitaka kimoja kikubwa, chenye mpini mrefu wa kupita begani. Na ile mifuko kumi na kitu iliyoning'inia nyuma ya mlango wangu naipeleka kwa mama wa genge la mtaani, awape wateja waliosahau ya kwao.