Kwa maasistenti wapya: anzeni na jina

Wadogo zangu mnaoanza uasistenti wa chuo kikuu hapa Bukavu, karibuni. Mtaulizwa mapema kuliko mnavyodhani: makala zako zimetajwa na wenzako mara ngapi? Faharasa yako ya h ni ngapi? Kabla ya kuhangaikia hesabu hiyo, tazameni jina mnalotia juu ya makala.

Sisi Wakongo tuna majina matatu. Mwaka 1972 rais Mobutu aliwaamuru watu waache majina ya Kikristo, postnomu, yaani jina la Kiafrika la kuongezea, ikashika nafasi; baadaye jina la ubatizo lilirudi, na wengi wetu tunaliandika mwisho. Sasa, mashine zinazohesabu marejeo mara nyingi hudhani neno la mwisho ndilo jina la ukoo. Mimi nilitia jina zima kwenye makala ya kwanza, ya pili nikaacha postnomu, ya tatu nikatanguliza jina la ubatizo. Nilipoomba ufadhili, aliyenitafuta kwenye mtandao aliona sehemu tu ya kazi zangu, nikajibiwa kwamba machapisho hayatoshi. Iliniuma sana, maana kazi ilikuwepo.

Angalieni hasara yake. Faharasa ya h, aliyoibuni mwanafizikia Jorge Hirsch mwaka 2005, ni idadi kubwa kabisa ya makala zako ambazo kila moja imetajwa angalau mara idadi hiyohiyo. Una makala tano zilizotajwa mara 9, 6, 4, 4 na 1: h yako ni 4. Zigawe kwa majina mawili, huku 9 na 4, kule 6, 4 na 1. Kila jina linabaki na 2. Hakuna aliyekuibia, ila nusu ya jasho lako haionekani. Kwa hiyo chagua namna moja ya kuandika jina, usiibadilishe, kisha jiandikishe ORCID, daftari la mtandaoni la watafiti. Ni bure, inakupa namba ya tarakimu 16, nayo itakutambulisha hata mhariri akikosea mpangilio wa majina.

Kigezo cha athari ni habari nyingine. Kinapima jarida, hakikupimi wewe: ni wastani wa mara ambazo makala zake za miaka miwili iliyopita zimetajwa ndani ya mwaka mmoja. Ndiyo maana DORA, tamko la kimataifa kuhusu kupima utafiti lililoanzia San Francisco mwaka 2012, linashauri kisitumike kumpimia mtafiti. Na barua pepe zinazojisifia kigezo kikubwa, zikiahidi kuchapisha ndani ya siku chache ukituma dola, zifuteni.

Halafu kuna vipimo vya mtandaoni, vinavyohesabu makala inapotajwa kwenye habari, Wikipedia, hati za sera au mitandao ya kijamii. Kwa kawaida hufuata DOI, alama ya kudumu inayotambulisha makala mtandaoni. Sisi, kwa kuwa megabaiti ni ghali, tunatumiana PDF kwa WhatsApp, na huko hakuna anayehesabu. Endeleeni kutumiana, watu wasome. Ila mkiandika mahali pa wazi, wekeni kiungo cha DOI. Na mkuu wa kartye kule Kadutu akitumia ramani yenu ya maporomoko ya udongo kuwaonya watu wasijenge kwenye mteremko, mwombeni barua, iwekeni kwenye faili na tarehe yake. Kwangu mimi barua hiyo ina uzito kuliko marejeo kumi, hata kama hakuna mashine itakayoiona.

Jambo la mwisho: fungueni kila makala iliyowataja, msome sentensi yenyewe. Yangu moja ilitajwa na mtu aliyeonyesha kwamba tulipima mteremko vibaya. Kwenye hesabu ni rejeo moja, sawa na sifa. Tulichukua vifaa, tukapanda tena kilima kupima upya, na alikuwa na haki.