Usifute akaunti zako za zamani kabla hujazisafisha

Mkuu, umeuliza kama kijana anayeingia kwenye soko la ajira afute akaunti zake zote za mitandao ya kijamii na kuanza upya. Usifute kwanza. Ukishaifuta akaunti, huna tena mlango wa kuingilia kushughulikia kinachobaki nje, na kinachobaki ni kingi: maneno yako waliyoyanukuu wengine, picha walizopandisha wenzako, kurasa ulizotajwa. Isitoshe, baadhi ya mitandao huliachia jina la mtumiaji ulilolitelekeza. Atakayelichukua ataonekana kuwa ni wewe kwa kila mtu anayebonyeza kiungo cha zamani.

Anza kwa kujitafuta. Fungua dirisha la faragha la kivinjari (incognito), maana ukiwa umeingia kwenye akaunti yako matokeo hupangwa kwa kufuata mazoea yako. Andika majina yako mawili ndani ya alama za kunukuu, kisha jina na chuo, jina na fani, halafu barua pepe, namba ya simu na kila jina la utani uliloliwahi kutumia. Hapo kwenye jina la utani ndipo wengi wanapoumbuka. Mtu ana wasifu safi wa LinkedIn, ule mtandao wa mambo ya kazi, lakini jina alilochezea michezo ya mtandaoni akiwa na miaka 15 ndilo lililo mwanzoni mwa barua pepe aliyoiandika kwenye sivii. Anayekukagua hahitaji utaalamu wowote: ananakili herufi zilizo kabla ya alama ya @ na kuzitafuta. Fungua na vichupo vya picha na video, usiishie kwenye kurasa. Akaunti ulizozisahau utazipata ndani ya barua pepe yako mwenyewe, ukitafuta ujumbe wa kukaribishwa na wa kuthibitisha usajili. Tovuti ya Have I Been Pwned nayo itakuonyesha ni huduma zipi zilizowahi kuvujisha anwani yako. Mara nyingi humo unakutana na huduma ambayo hukumbuki hata kujiunga.

Sasa usafi wenyewe. Kabla ya kugusa chochote, omba nakala ya data zako. Mitandao mikubwa yote inatoa. Facebook ina kitufe kwenye mipangilio ya faragha kinachogeuza machapisho yako yote ya zamani yaliyokuwa ya hadhara yaonekane kwa marafiki tu. Ni kizuri, ila kina mipaka ambayo watu hawaisomi. Hakirudishiki kwa mkupuo: ukibadili mawazo utafungua chapisho mojamoja. Hakigusi picha ambazo mwingine amezipandisha na kukutaja humo. Na picha ya wasifu iliyopo sasa pamoja na ile ya juu ya ukurasa hubaki za hadhara. Kwa yaliyobaki ingia kwenye orodha ya shughuli zako, chuja kwa mwaka, chagua kwa wingi, kisha uhifadhi faraghani au utupe kwenye kapu. Kilichohifadhiwa unakiona wewe peke yako, na kilicho kapuni hufutika baada ya siku 30. Mimi ningehifadhi kwanza, hasa picha za familia, na kutupa yale tu ambayo hutaki yawepo popote.

Maoni ndiyo yanayosahaulika zaidi. Kuifanya akaunti yako ya Instagram iwe ya faragha hakufichi ulichoandika chini ya chapisho la ukurasa wa hadhara. Hicho unakifuata na kukifuta kimoja kimoja. Kwenye X (zamani Twitter), orodha ya machapisho uliyoyapenda imefichwa tangu Juni 2024, lakini mwenye chapisho bado anakuona, na orodha ya unaowafuata iko wazi kama akaunti haijafungwa.

Picha iliyo kwa mtu mwingine, mwombe kwa adabu na umtumie kiungo chenyewe, usimwambie akaitafute. Jitoe kwanza kwenye utambulisho (tag), ili isiunganishwe na jina lako wakati ukingoja. Ikishaondolewa kwenye chanzo, matokeo ya Google yanaweza kuendelea kuionyesha kwa muda. Kuna fomu yao ya kuomba matokeo yaliyopitwa na wakati yasasishwe, nayo hufanya kazi pale tu ambapo kitu kimeshatoka kwenye ukurasa. Watu huijaza kabla, wanakataliwa, wanakata tamaa. Namba ya simu na anwani ya nyumbani zina utaratibu wake tofauti, na hizo unaweza kuomba ziondolewe kwenye matokeo hata kama ukurasa bado upo.

Kuhusu LinkedIn, zima kwanza taarifa za mabadiliko ya wasifu, la sivyo bosi wako atapata habari kwamba unajipanga. Mstari wa chini ya jina unabeba herufi 220, lakini kwenye simu hukatwa mapema, kwa hiyo fani yako iwe mwanzoni. Sifa kama “mchapakazi mwenye ari” zinakula nafasi bure. Badili anwani ya wasifu iwe jina lako bila tarakimu zile za nasibu. Tangazo la kutafuta kazi lina njia mbili: fremu ya kijani inayoonekana kwa wote, au kuonekana kwa waajiri tu. Njia ya pili hujaribu kuwaficha waajiri wa kampuni yako, lakini LinkedIn wenyewe hawatoi dhamana, kwa hiyo usiweke siri nzito humo.

WhatsApp watu hawaihesabu, na ndiyo inayovujisha. Mpangilio wa kawaida hupeleka hali zako (status) kwa kila uliyehifadhi namba yake, naye akahifadhi yako. Ukimwongeza msimamizi wako leo, mzaha wa kesho jioni ataukuta. Tumia chaguo la kuwatoa baadhi ya watu, na uzuie wasiokujua kukuingiza kwenye makundi.

Picha za ofisini, ikuze kila moja kabla ya kuipandisha. Tafuta kitambulisho chenye msimbo, skrini iliyo wazi, ubao wenye majina ya wateja. Ule msemo wa “maoni ni yangu binafsi” ambao watu huuandika kwenye wasifu usiutegemee; kinachokubana ni mkataba na sera ya mwajiri, isome.

Ulinzi kwa kifupi: nywila tofauti kila mahali, zitunzwe kwenye programu ya nywila, hatua ya pili ya uthibitisho itoke kwenye programu badala ya ujumbe wa simu, kwa sababu laini inaweza kuhamishwa kitapeli, na namba iliyokaa bila kutumika hugawiwa mtu mwingine. Misimbo ya dharura, ile ya kuingilia ukipoteza simu, iandike kwenye karatasi.

Na usisajili akaunti yoyote binafsi kwa barua pepe ya kazini. Kama ulishafanya hivyo, ongeza anwani yako binafsi, ithibitishe, ifanye kuwa ya msingi, ndipo uiondoe ya kazini. Maliza yote hayo kabla ya kukabidhi barua ya kuacha kazi, kwa kuwa baadhi ya ofisi hufunga barua pepe siku hiyohiyo, na viungo vyote vya kubadili nywila vitakuwa vinatumwa huko.