Mtwara mpaka Dar kwa ndege: mbona tiketi inasema saa moja na zaidi?

SWALI: Shikamoo mwandishi. Niko Shangani hapa Mtwara, mwezi ujao nampeleka mama Dar kliniki na magoti yanamsumbua kwahiyo basi hapana, nimeamua tupande ndege. Sasa kwenye mtandao naona umbali ni kilomita 400 wakati kwa barabara siku zote tunajua ni kama 560. Ipi ya kweli? Na kama pangaboi, yaani ndege ya mapanga, linakimbia kilomita 500 kwa saa, si ni dakika 48 tu? Tiketi yangu imeandikwa saa moja na dakika 10.

JIBU: Marahaba mwanangu, na hongera kwa kumfikiria mama. Zote mbili ni kweli. Hiyo 400 ni mstari ulionyooka kutoka kiwanja mpaka kiwanja, ndege ikishapaa inafuata pwani tu, lakini basi lazima lipite Mikindani, lizunguke Mingoyo, Lindi, Nangurukuru, liende likavuke Rufiji pale Daraja la Mkapa, ndo lipande Kibiti. Kabla ya 2003 daraja halikuwepo, tulikuwa tunasubiri kivuko, wenye umri wangu wanakumbuka.

Kuhusu muda, hesabu yako iko sawa ila umeihesabu ndege kama vile inaanza na mwendo wa 500 palepale inapowasha injini. Muda wa tiketi unahesabiwa toka ndege inapoondoka pale ilipoegeshwa mpaka inaposimama Dar, kwahiyo ndani yake kuna kutembea taratibu mpaka kwenye njia ya kurukia, kuna kupanda juu ambako mwendo bado mdogo, na kushuka ambako rubani anapunguza. Halafu Dar ndege ni nyingi, mnaweza kuambiwa msubiri zamu hukohuko angani. Tena ndege inatua ikiukabili upepo, na njia kuu ya kurukia na kutua ya Dar imelala kusini magharibi kwenda kaskazini mashariki, kwahiyo nyie mnaotoka kusini siku nyingine mnaenda moja kwa moja na siku nyingine mnazungushwa kwanza mkaingilie upande wa pili. Hapo dakika 10 zimeshaondoka. Mkipewa pangaboi aina ya ATR 72 ndo hiyo 500 yako, Dash 8 Q400 inakaribia 660 lakini kwa safari fupi hivi mtaokoa dakika chache tu, usihangaike kuchagua.

Kwa mama mimi naona shida haipo hewani, ipo chini. Piga simu mapema uombe kiti cha magurudumu Mtwara na Dar kote, na useme kabisa ngazi zinamsumbua. Fikeni uwanjani masaa mawili kabla. Taa ya mkanda ikizimwa mwambie asimame kidogo anyooshe magoti. Na kliniki usiweke siku hiyohiyo asubuhi, weka kesho yake, maana ndege ikichelewa masaa mawili mama atakaa kwenye foleni hospitali akiwa amechoka.