Wawakilishi wapya wa hosteli, acheni kuunda kamati

Wadogo zangu mliochaguliwa juzi kuwakilisha hosteli na madarasa, hongereni. Sasa tuelewane. Wiki iliyopita simu mbili zimeibwa bloku ya chini, na jambo la kwanza mlilofanya ni kuunda kamati. Kamati! Yenye katibu! Mpaka mnamaliza kukagua masanduku ya watu, mwizi ameshapanda Coaster yuko Arusha anauza.

1. Nani atoe taarifa? Wewe. Na anayelala deka ya juu, na mama wa kantini, na mhadhiri. Kifungu cha 7 cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai kinamtaka kila anayejua kosa limetendeka, au linapangwa, amwambie polisi mara moja, au kiongozi wa eneo, naye alifikishe kituoni. Hakisemi asubiriwe aliyeibiwa. Marekani wana sheria yao ya uhalifu vyuoni ya mwaka 1990, yenye jina la Jeanne Clery, mwanafunzi aliyeuawa bwenini Chuo Kikuu cha Lehigh mwaka 1986. Kule wenye wajibu wa kupeleka taarifa ni watu wa nafasi fulani, kama walezi wa mabweni na makocha, na mshauri nasaha akiwa kazini ameachwa nje. Hapa kwetu hakuna orodha ya kujifichia.

2. Daftari la getini si kituo cha polisi. Kalisomeni: kati ya gari la mchele na fundi bomba utakuta "simu imeibwa", basi, imeishia hapo. Nendeni polisi mkachukue RB, namba ya taarifa yenu kwenye kitabu cha kituo. Na ukiibiwa usiandikishe kwamba imepotea ili upate laini haraka. Kilichopotea hakitafutiwi mwizi.

3. Ubakaji na shambulio. Hili nalieleza kirefu kwa sababu niliharibu mwenyewe. Nilikuwa kiongozi wa bloku, mwaka wa pili, chuo kimoja hapa Moshi. Jumamosi asubuhi binti wa mwaka wa kwanza akanifuata bombani na ndoo yake tupu, akaniambia kilichompata Ijumaa usiku. Nilimfariji vizuri sana. Nikamchemshia chai, nikampa khanga yangu, nikamwambia akaoge apumzike. Nguo zake tulizifua pamoja. Nakumbuka nilisugua sketi kwa bidii, nikijiona dada mwema. Kisha nikaamua jambo lifuate ngazi: tusubiri Jumatatu, mlezi wa wanafunzi afungue ofisi. Namba yake nilikuwa nayo. Niliogopa kumsumbua wikiendi.

Jumatatu mlezi alikuwa kwenye semina Arusha. Jumanne alitusikiliza, akanigeukia mimi, akauliza kwa nini sikumpigia. Hospitalini nesi aliuliza ilikuwa saa ngapi, akahesabu kwa vidole. Dawa za kukinga maambukizi ya VVU huanzwa ndani ya saa 72, na tulikuwa tumezipitisha. Ushahidi nao nilishaufua kwa sabuni ya mche. Yule binti hakunigombeza hata kidogo. Alirudisha khanga imekunjwa, na muhula uliofuata akahamia chumba cha kupanga Rau.

Kwa hiyo: hospitali siku hiyohiyo, asioge, nguo ziwekwe kwenye mfuko wa karatasi. PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu, na Dawati la Jinsia na Watoto mtavipata kituo cha polisi. Usimwahidi siri usiyoweza kuitunza; mwambie mapema utampigia nani, naye achague wa kuongozana naye.

4. Mhadhiri anayetaka mwili ili usipate supp, yaani mtihani wa marudio: hiyo ni rushwa ya ngono, pigeni TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, namba 113.

5. Mnaogopa kushtakiwa? Kifungu hichohicho cha 7 kinamkinga anayetoa taarifa kwa mujibu wake. Hakimkingi aliyerusha kwenye grupu picha ya kijana wa chumba cha pili na kuandika MWIZI. Wewe uliyeirusha unajijua. Ifute sasa hivi, halafu njoo ofisini kwangu kabla baba yake hajafika.