Kwa wanaoanza kulenga shabaha kwa bastola za baruti nyeusi

Moshi mweupe na mshindo ndivyo vinavyowavuta wengi, lakini ufundi wenyewe uko kwenye kushindilia na kusafisha. Huko ndiko mgeni anapaswa kuweka akili yake. Aliyewahi kuona gobore likishindiliwa ataelewa upesi: baruti, risasi, kisha fataki (kikombe kidogo kinacholipuka kikigongwa na kuwasha baruti), ila hapa matundu ni sita, kwenye silinda inayozunguka.

Ukiniuliza ununue ipi, nitakwambia nakala ya kisasa ya bastola ya Remington ya 1858, ya kipenyo cha inchi 0.44, yenye fremu ya chuma. Colt za 1851 na 1860 zinapendeza sana mkononi, lakini vipande vya fataki iliyopasuka huangukia kwenye mitambo na kuikwamisha. Silinda ya Remington hutoka upesi kwa kuvuta pini yake. Nakala nyingi hutengenezwa Italia na viwanda vya Uberti na Pietta. Fremu ya shaba iache, hulegea mapema. Kabla ya kulipa, ulizia sheria za unapoishi. Huko Marekani kila jimbo lina yake.

Tumia baruti nyeusi ya chembe za FFFg (alama ya chembe ndogo), au mbadala uliotengenezwa kwa ajili ya silaha hizi. Baruti ya kisasa isiyo na moshi usiitie hata chembe: nguvu yake hupasua silinda, na mkono wako upo papo hapo.

Kwanza lipua fataki tupu kwenye kila tundu, mtutu ukielekea kwenye jani la nyasi chini. Jani likitikisika, njia iko wazi na mafuta yamekauka. Kisha pima baruti ya greni 20 hadi 25 (greni ni kipimo kidogo cha baruti) kwa kipimo cha ujazo, uimimine kwenye tundu. Usimimine moja kwa moja kutoka kwenye chupa ya baruti, maana cheche moja iliyobaki ndani italipua chupa nzima kiganjani. Weka risasi laini ya duara, kwa kawaida ya inchi 0.454, ushindilie mpaka ikae juu ya baruti bila nafasi. Tazama mdomo wa tundu: lazima kikatike kipete chembamba cha risasi. Kisipokatika, risasi ni ndogo, na moto unaweza kuruka kwenye matundu ya jirani yakalipuka pamoja. Juu yake paka nta ya nyuki iliyochanganywa na mafuta ya zeituni.

Jaza matundu matano tu, nyundo inayogonga fataki ilale juu ya lile tupu. Fataki ni za mwisho, nazo huvikwa ukiwa kwenye mstari wa kufyatulia, mtutu ukielekea shabaha. Bastola isipolipuka, usiigeuze; iache imeelekea huko huko kwa dakika nzima.

Siku hiyo hiyo isafishe. Masizi ya baruti hunyonya unyevu na kuleta kutu haraka. Osha kwa maji ya moto na sabuni, fungua vichuchu vyote (vijibomba vinavyovikwa fataki), kausha, paka mafuta. Kesho yake pitisha kitambaa cheupe ndani ya mtutu. Kikitoka na rangi ya kahawia, osha tena na upake mafuta upya.