Hospitali ya macho ikianza kuyumba, chukua faili yako

Mama alianza kutibiwa presha ya macho, yaani glakoma, kwenye kliniki moja ya orofani karibu na barabara ya Tom Mboya, Nairobi. Jina nitaliacha. Walipofungua tawi Thika Road, kisha jingine ndani ya jumba la maduka Ngong Road, tulifurahi nao kana kwamba ni mali yetu. Makochi mapya, na chai na mandazi kwa wanaosubiri.

Chai ndiyo iliyokatika kwanza. Halafu matone tukawa tunaambiwa "nunueni nje". Daktari aliyemjua mama akahama, na kila tukirudi tunampata mwingine. Siku moja kaunta wakasema, "Samahani mama, kadi ya bima hatupokei kwa sasa, lipa kwa M-Pesa," na namba ya kulipia haikuwa ile ya zamani. Hapo ningepaswa kushtuka. Miezi mitatu baadaye tulikuta kufuli, na karatasi ya mwenye jengo mlangoni.

Ya ndani ya vitabu vyao siyajui. Lakini mashine za macho hununuliwa kwa dola, na Januari 2024 dola ilifika shilingi 160 hivi. NHIF, bima ya afya ya serikali, ilipoipisha SHA Oktoba mwaka huo, hospitali nyingi zilikuwa bado zinaidai. Kodi ya pango la matawi nayo haingoji deni lilipwe.

Kilichotuumiza sisi ni faili. Kuona kulikoliwa na glakoma hakurudi; daktari hupigania kulikobaki, na hawezi kujua kama kunapungua asipolinganisha vipimo vya leo na vya zamani. Kuna kile cha kuweka kidevu kwenye mashine na kubonyeza kitufe kila ukiona kimwanga. Mama alikichukia. "Nimebonyeza hata nisivyoviona," alininong'oneza mara ya kwanza, kwa hiyo wakarudia. Chati zake za miaka sita zilibaki nyuma ya kufuli. Daktari mpya akauliza, "Kabla ya kuanza dawa, presha ilikuwa ngapi?" Tukatazamana.

Siku hizi hatutoki kliniki kabla sijapiga picha chati kwa simu na kuandikiwa presha ya kila jicho. Nawe fanya hivyo. Wakikuzungusha, Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inakupa haki ya kupata taarifa zako; omba kwa barua pepe, maana ahadi ya kaunta haina ushahidi. Kama umetolewa mtoto wa jicho na kuwekewa lenzi, dai nakala ya ile stika yenye aina ya lenzi na nguvu yake.

Na usilipie upasuaji wa macho mawili kwa mpigo, hata wakikupunguzia bei. Jirani yetu alilipa yote, akafanyiwa la kulia. Stika ya lenzi ilibaki kwao, na pesa za la kushoto pia.